Pikipiki Iliyozimika Kamukuywa

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, na si kwa sababu ilikuwa njema. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko pale Kamukuywa, mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa pikipiki mjini Kitale. Siku hiyo, kwa sentensi moja fupi, nilimweka mama mjane katikati ya umati, nguo yake imelowa petroli, mbele ya kijana mwenye kibiriti. Sikumgusa kwa mkono. Nilisema tu. Wazee walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na methali hiyo nilikuwa naijua tangu darasa la nne. Lakini kuijua methali na kuishi nayo ni mambo mawili.

Nianze na pikipiki yenyewe, maana ndiyo iliyonipeleka huko. Ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, silinda moja, nzito kama ndama. Mlowezi mmoja aliyekuwa na shamba nje ya Kitale aliiuza alipofunga virago baada ya uhuru, na aliyeinunua ni mkaguzi wa majosho ya ng'ombe aliyeitwa Mzee Makokha. Mzee huyo aliiendesha miaka mingi, kutoka Tongaren hadi miguuni pa Mlima Elgon, mpaka ikamfia njiani. Ikalazwa ghalani kando ya magunia ya mahindi. Kuku walitagia kwenye kiti chake.

Mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi huko Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, ndiye aliyeniletea juu ya pikapu. Baba yake alikuwa amezeeka na macho yamefifia. Familia ilikuwa imepanga ibada ya shukrani nyumbani, Jumamosi saa nane mchana, na mwalimu alitaka mzee aisikie pikipiki yake ikinguruma uani mbele ya wageni.

"Macho imeenda, fundi," aliniambia. "Lakini masikio bado iko."

Nikaishughulikia miezi minne. Nilibadilisha pistoni, nikafunga spoki mpya moja moja, nikapitisha waya upya, nikaisafisha kabureta mpaka ungeweza kunywea chai. Kisha nikafika kwenye rangi, na hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa na ugonjwa wangu. Nilipenda rangi kupita kiasi. Mtu akiingia karakana yangu nilitaka aone kitu kinachong'aa kabla hajaniuliza kama kinatembea. Niliipaka pikipiki ile rangi nyekundu iliyoiva, mara tatu, kila kona. Kifuniko cha tangi kilikuwa cha chuma kitupu kilichochakaa, nikaona kinaniaibisha. Nacho nikakipaka mara tatu, nikakitundika kwenye waya kikauke. Siku zote za majaribio, mdomo wa tangi niliufunika kwa kitambaa, na pikipiki iliwaka kiki ya kwanza au ya pili. Asubuhi ya Jumamosi nikaondoa kitambaa, nikafunga kifuniko changu kipya, nikatoka Kitale saa mbili kamili.

Ilikuwa raha. Kiminini nilipita watu wakisimama kando ya barabara kunitazama. Petroli niliyokuwa nayo ilikuwa kidogo, chini ya robo ya tangi, kwa hiyo nilipofika Kamukuywa nikasimama kwa Mama Nasimiyu.

Siku hizo pale hapakuwa na kituo cha mafuta. Mama Nasimiyu alikuwa na meza chini ya paa la mabati mapya, chupa za petroli zimepangwa kwa safu, na mtungi mkubwa nyuma yake. Mume wake alikuwa amefariki. Binti yake Nasimiyu alikuwa shule ya bweni, na ada yake ilitoka kwenye meza ile.

"Jaza, mama," nilimwambia.

"Kabisa?"

"Mpaka mdomoni. Hii inaenda Bungoma."

"Ni ya mzungu gani hii?"

"Ni ya mzee mmoja wa Kibabii."

"Basi iendeshe pole pole. Vitu vya wazee haipendi haraka."

Nilicheka. Akaweka faneli, akatandika juu yake kitambaa cheupe, akamimina chupa moja baada ya nyingine. Mimi ni mtu wa kutazama. Hata leo nikiingia nyumba ya mtu naweza kukwambia baadaye saa ilikuwa ukuta upi. Niliona kitambaa kile kikibaki safi, hakuna mchanga wala tone la maji. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu mawili, na saa moja baadaye nikajifanya sikuliona.

Nikavuka daraja, nikaanza kupanda mlima. Sikufika mbali. Pikipiki ikakohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikazimika. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga mara kumi, jasho likanitoka. Kimya.

Nikafanya kama nilivyofundishwa, hatua kwa hatua. Nilifungua plagi, nikailaza juu ya injini, nikapiga kiki: moto wa buluu ukaruka. Basi umeme upo. Nikafungua kabureta: kavu. Nikachomoa mpira unaoleta mafuta kutoka kwenye tangi: tone, tone, tone, kisha basi. Nikapuliza mpira. Nikafungua kifuniko nitazame ndani: tangi limejaa. Nikakifunga, nikarudisha kila kitu, nikapiga kiki. Ikawaka.

Nikapanda, nikaenda labda mita mia tano. Ikazimika.

Nikafungua kifuniko, nikanusa, nikafunga. Ikawaka. Ikaenda kidogo, ikazimika. Mara ya tatu vivyo hivyo. Kila nilipofungua kifuniko nilisikia sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi kati ya meno. Niliisikia mara zote tatu. Nikaipuuza mara zote tatu, kwa sababu nilikuwa nikitafuta kosa la mtu mwingine, na anayetafuta kosa la mwingine hasikii kingine.

Saa ilikuwa inasogea. Kichwani nilifanya hesabu niliyoiona safi kabisa. Kutoka Kitale mpaka Kamukuywa pikipiki haikukohoa. Kabla ya petroli ya yule mama, nzima. Baada ya petroli ya yule mama, mgonjwa. Kwa hiyo ugonjwa ni petroli. Sikujiuliza kuna nini kingine kipya asubuhi ile, kwa sababu hicho kingine kilikuwa kazi ya mkono wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anapenda kuvua nguo barabarani?

Nikaigeuza pikipiki, nikateremka nayo hadi sokoni. Nilifika ikikaribia saa tano. Soko lilikuwa limejaa.

"Mama, umeniuzia nini?"

"Petroli."

"Petroli gani inazimisha pikipiki?"

"Ile ile wote wanaweka."

Alinijibu bila kuinua sauti, na utulivu wake ukanichoma. Nilitaka aogope. Basi nikageukia soko, nikasema kwa nguvu zangu zote: "Watu wa Kamukuywa, huyu mama anawauzia maji."

Hiyo ndiyo sentensi yenyewe. Nimeirudia mara nyingi kichwani tangu siku hiyo, na kila mara huwa fupi vile vile.

Watu wakaanza kusogea. Mtu mmoja akauliza, "Ati maji?" Mwingine akasema, "Si nilisema? Haya mabati mapya alinunua na nini?" Hapo nikatambua kwamba baadhi yao walikuwa na maneno yao tayari, wakingoja tu mgeni wa kuyafungulia mlango. Dereva mmoja wa trakta kutoka Tongaren akajipenyeza mbele.

"Hata mimi, pampu yangu irikufa juzi. Mafuta niriweka hapa hapa."

"Trakta yako ni ya dizeli," Mama Nasimiyu alimwambia. "Mimi siuzi dizeli."

Watu wakacheka. Nilidhani kicheko kile kitapoza mambo. Nimejifunza baadaye, mwanangu, kwamba umati ukicheka haujaacha hasira, umepumzika tu. Mara nikaona meza imeinuka upande mmoja. Chupa zikaanguka na kuvunjika. Mtungi ukalala ubavu, na kabla Mama Nasimiyu hajaruka kando, petroli ilikuwa imemlowesha kutoka kiunoni hadi viatuni. Harufu ikatupiga wote. Alirudi nyuma akakutana na ukuta wa duka. Mbele yake palikuwa na watu nusu duara.

Kijana mmoja mwenye kofia ya sufu akatoa kibiriti mfukoni. Uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata wazo.

"Kama ni maji haiwezi kuwaka," alisema. "Si tupime?"

"Pima, bana," sauti ikatoka nyuma.

Pale sokoni, mimi ndiye niliyejua kuliko wote maana ya jambo lile. Nilikuwa nimeona petroli ikidaka moto kutoka hatua nne, hata kabla ya njiti kugusa chini, kwa sababu mvuke hutangulia. Nilijua kwamba huyu kijana akikwaruza njiti, mama ataungua, na yeye ataungua, na labda nusu ya wale waliosimama. Nilijua, na sikusema. Mdomo uliokuwa na nguvu dakika chache nyuma ulikauka. Nikisema petroli hii itawaka, nitakuwa nimekiri kwamba si maji. Niliona mtego wangu mwenyewe waziwazi, nikabaki ndani yake.

Mama Nasimiyu ndiye aliyesema. "Kijana, nguo yangu imelowa. Ukiwasha hapo nitaungua, na wewe utaungua na mimi."

Kijana akatoa njiti moja, akaishika kidoleni. Hakuikwaruza. Hakuirudisha.

Ndipo liguru alipofika. Kule kwetu liguru ndiye mzee wa kijiji, anayeamua ugomvi wa mipaka na wa mifugo. Huyu alikuwa mfupi, koti lake limepauka mabegani, na alitembea bila haraka, kama mtu aliyekuja kununua chumvi. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya watu mpaka akasimama kati ya kijana na mama, akampa kijana mgongo.

"Nani alisema ni maji?"

Vidole vyote vikanielekea. Nimepigwa mara kadhaa maishani mwangu, lakini sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na vidole vile.

"Ni mimi, mzee."

"Maji uliyaona?"

"Pikipiki imezimika, mzee."

"Sijauliza pikipiki. Maji uliyaona?"

"Sikuyaona."

Akainama, akachukua chupa moja iliyobaki nzima, akamimina kidogo kiganjani, akapuliza. Kiganja kikakauka pale pale. Akakiinua watu wakione. "Maji inakauka hivi?"

"Basi alichanganya na mafuta ya taa," mtu akasema, na wengine wakaitikia. Ndivyo ilivyo, mwanangu. Ukishamtoa mtu kwenye kosa moja, wapo watakaomtafutia jingine, maana wamekwisha kuacha shughuli zao na hawataki kurudi mikono mitupu. Wakaanza kubishana wao kwa wao, maji, mafuta ya taa, mabati mapya. Katika kelele ile Mama Nasimiyu akasema kwa sauti ndogo, nikasikia mimi na liguru tu.

"Mzee, mwambie afungue kile kifuniko cha tangi."

Nikafungua. Ile pumzi kati ya meno ikasikika.

"Hiyo tangi inavuta hewa," alisema. "Asubuhi nilipojaza ilifanya hivyo pia. Wewe mwenye pikipiki, debe ya mafuta ya kupikia huwa unatoboa mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Kwa nini mara mbili?"

"Mafuta yatokee upande mmoja, hewa iingie upande mwingine."

"Na ukitoboa mara moja?"

"Hayatoki vizuri."

"Basi tundu ya pili ya pikipiki yako iko wapi?"

Nikakigeuza kifuniko mkononi. Kilikuwa kizuri sana. Nikatafuta kwa ukucha mahali ninapojua pana kitundu cha kupumulia, kidogo kama ncha ya sindano. Hakikuwepo. Palikuwa na rangi yangu, laini, mara tatu. Nilipotoka Kitale tangi lilikuwa karibu tupu na lilikuwa na hewa ya kutosha kunifikisha. Mama alipolijaza mpaka mdomoni kama nilivyomwamuru, hewa ikakosa nafasi, na petroli ikashindwa kuteremka. Kila kitu kilikuwa wazi sasa.

Nikamwomba fundi cherehani wa karibu sindano, nikaisukuma pikipiki hatua thelathini hivi barabarani, mbali na petroli iliyomwagika. Nikatoboa. Kipande cha rangi kikadondoka, si kikubwa kuliko mbegu ya wimbi. Nikafunga kifuniko, nikapiga kiki. Ikanguruma, na safari hii ilinguruma kwa raha, bila kikohozi.

Watu waliokuwa wamenifuata wakapiga makofi. "Ametoa uchafu wa ile mafuta," mmoja akawaeleza wenzake. "Huyu ni fundi."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa langu la kweli lilipo. Sentensi ya kwanza niliisema kwa ujinga na hasira. Lakini pale barabarani nilikuwa nimekwisha kuujua ukweli, na bado nilipanda pikipiki. Saa tano na nusu. Nikiondoka upesi nitafika Bungoma kabla ya ibada. Sikuwa nimesema uongo mpya wowote. Wao ndio waliosema uchafu, si mimi. Nikatazama nyuma mara moja. Mama Nasimiyu alikuwa bado ameegemea ukuta, na kijana wa kofia ya sufu alikuwa bado ameshika njiti. Nikaingiza gia.

Mkono mkavu ukashika usukani. Liguru.

"Umetoa nini?"

"Kitu kidogo, mzee."

"Kidogo ya nani?"

Nikaitazama barabara.

"Nakuuliza, kidogo ya nani?"

"Yangu, mzee. Rangi yangu."

"Zima."

"Mzee, nikizima inaweza kukataa kuwaka."

"Tundu si umefungua? Itawaka."

Nikazima. Nikamwambia nitakwenda kumwomba mama msamaha, nimwinamie, nimweleze. Akatikisa kichwa. Maneno aliyoniambia ndiyo niliyoyabeba tangu siku hiyo.

"Kumwinamia ni baadaye. Hii neno hukumwambia yeye sikioni. Ulisema kwa sauti ya soko, na utakanusha kwa sauti ya soko. Ukimnong'oneza msamaha, wewe utapona, lakini yeye ataungua."

Akanirudisha akiwa ameshika mkono wa shati langu, kama mtu anayemrudisha mbuzi aliyekata kamba. Akanipandisha juu ya stuli ya fundi cherehani. Ni rahisi ajabu kupaza sauti ukimshitaki mtu. Ukijishitaki mwenyewe, sauti hiyo hiyo hukimbia. Nilianza mara moja, haikutoka. Liguru akaniambia, "Bado. Wale wa mahindi hawajasikia." Nikaanza tena.

"Watu wa Kamukuywa. Petroli ya mama huyu ni safi. Niliona akiichuja. Tundu la hewa nililiziba mimi, kwa rangi yangu. Nimemsingizia."

Kisha mwanamke mmoja mwenye kapu la mboga akasema, "Sasa si ungeangalia kwanza?" Mwingine akadakia, "Fundi wa rangi huyu." Watu wakacheka, na kicheko hiki kilikuwa changu peke yangu, nikakipokea. Matusi yalikuwa mengi, mengine siwezi kukurudia. Kijana wa kofia ya sufu akaitazama njiti kidoleni kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Akairudisha ndani ya kibiriti, akatia kibiriti mfukoni, akaondoka bila kumtazama mtu. Dereva wa trakta alikuwa ametoweka kitambo.

Liguru akamgeukia Mama Nasimiyu. "Mayi, enda kwa jirani ubadilishe nguo." Akaenda akishikilia ukuta wa duka mpaka ulipokwisha.

Nikabaki nikiokota vigae vya chupa, hadi saa nane ikafika. Aliporudi nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Enda, huyo mzee wako anangoja." Nilitaka sana aseme neno lile. Leo najua halikuwa deni lake.

Nilifika Kibabii karibu saa tisa unusu. Wageni wengi walikuwa wameshakula. Mzee Makokha aliketi uani, mikono juu ya fimbo, na niliposimama na injini ikiwaka hakuuliza nimechelewa kwa nini. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasogea, akaipapasa pikipiki kutoka taa hadi tangi, vidole vikafika kwenye kifuniko, vikasimama.

"Hiki hakikuwa na rangi."

Nikamweleza yote, mbele ya mwanawe na wageni waliobaki. Mzee akafikiri, akaniuliza, "Unadhani yule mzungu alikosa rangi?"

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo vizuri. Wiki iliyofuata nilimpelekea Mama Nasimiyu mtungi mwingine na chupa, nikamsimamishia meza. Kila nilipopita njia ile nilinunua petroli kwake, siku ya soko, wakati watu wengi wananiona. Yeye alinihudumia, akachuja kwa kitambaa chake, akanijibu salamu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Waliosikia kushitakiwa kwake walikuwa soko zima pamoja na wapita njia; waliosikia kukanusha kwangu walikuwa wale tu waliobaki. Wengine walikuwa wamekwisha kubeba habari ya kwanza kwenye mizigo yao, wakaenda nayo Misikhu, Tongaren na kwingineko.

Ilipita miaka kadhaa, tukaingia miaka ya tisini. Siku moja nilikuwa Webuye, ndani ya hoteli moja ya chai, upande wa kiwanda cha karatasi. Wanaume wawili meza ya karibu walikuwa wakiongea habari za safari. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mafuta usiweke Kamukuywa. Kulikuwa na mama mmoja hapo, alikuwa anachanganya na maji. Karibu wamchome."

Nikasimama. Chai yangu ilimwagika. Nikamwambia, "Ndugu, aliyesema hayo ni mimi, na haikuwa kweli. Nilikanusha siku ile ile."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akanyanyua kikombe chake. "Wacha, bana," akasema. "Palipo na moshi hapakosi moto."

Methali ninazipenda, mwanangu, wewe mwenyewe unanijua, lakini siku hiyo niliiona moja ikifanya kazi mbaya. Moshi ule niliuwasha mimi, mahali ambapo hapakuwa na moto wowote. Na Mama Nasimiyu wakati huo alikuwa ameshaacha petroli. Alikuwa akiuza viazi vitamu, kwenye meza ile ile, na binti yake alimaliza shule akiwa amechelewa miaka miwili.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Kitu kikikukatalia, iwe ni mashine, iwe ni ndoa, iwe ni kazi, usianze na yule aliyekigusa mwisho kabla hujajua wewe mwenyewe ulikigusa wapi. Kagua kwanza mkono wako, hasa pale ulipopasifia, kwa sababu mtu hapendi kutilia shaka kitu alichokipamba. Ukiisha kujikagua na kujikuta safi, muulize mwenzako, na umuulize sikioni. Usiite watu kabla hujayaona maji kwa macho. Umati hauna breki, na aliyeuita si lazima aweze kuusimamisha.

Na ukikosea, maana utakosea, rudi siku ile ile, kabla jua halijazama juu ya neno lako. Kanusha mahali ulipotamkia na kwa sauti uliyotamkia, hata kama wanakucheka. Usiwaache watu wakukisie wema ukajificha ndani yake. Usidai kusamehewa. Fanya sehemu yako, kisha endelea kuifanya miaka yote, hata pale isipokuletea sifa, kwa sababu neno lina miguu mirefu kuliko yako na litafika miji ambayo hutafika.

Mungu akujalie jicho linaloanza nyumbani kabla ya kwenda kwa jirani. Akupe ulimi mzito wa kushitaki na mwepesi wa kukiri. Na unapokaribia kukimbia kosa lako, akuletee mtu wa kukushika usukani, nawe upate akili ya kuzima na kushuka. Nenda na baraka zangu, mwanangu, na majina ya watu yawe salama mdomoni mwako.